Kuna siku ya kilio, na kuna siku ya madeni



Kila mwaka, mwezi wa nne ukikaribia kwisha, redio zetu hapa Lubumbashi hurudia nyimbo za Papa Wemba, kwa sababu alituacha tarehe 24 Aprili 2016. Mwaka huu ilikuwa vile vile. Tulikuwa kwenye kikao chetu cha kushona, redio iko juu ya meza, kila mmoja anaimba kipande anachokijua. Ndipo msichana mmoja wa wale wanaojifunza kazi akauliza: “Ni kweli huyu alifungwa kule Ulaya kwa sababu ya mambo ya viza?” Mashini zikanyamaza. Yaya mmoja akamjibu kwa ukali: “Marehemu hasemwi vibaya.” Mama mwingine, bila kuinua kichwa, akasema: “Na wale waliouza viwanja vyao, wao tuwaambie nini?”

Maneno yakawa mengi, na kazi haikuendelea siku ile. Mwishoni wakaniomba niandike ninavyofikiri, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaompenda sana yule mwimbaji, na pia ninajua kidogo habari za watu walioumizwa na biashara ile. Nimekubali. Wenye mawazo tofauti waandike wiki ijayo.

Nianze na upendo, kwa sababu bila huo maneno yangu yatasikika kama ya adui. Shungu Wembadio alizaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, katika Sankuru. Mama yake alikuwa mwimbaji wa vilio: watu wakifiwa, walimwita aje awaongoze katika kulia. Papa Wemba mwenyewe alisimulia kwamba sauti yake aliipata kwa mama huyo. Mwaka 1969 alikuwa kati ya vijana walioanzisha Zaïko Langa Langa, na mwaka 1977 akaunda Viva La Musica. Vijana wa Matonge, Kinshasa, wakamfuata kama chifu, katika kijiji chake alichokiita Molokai. Aliwafundisha kuvaa. Marehemu mume wangu, ambaye mshahara wake haukuvuka tarehe 15 ya mwezi, alikuwa na suruali moja tu ya maana, na suruali hiyo aliipiga pasi mwenyewe, hakuniamini mimi. Siku ya ndoa yetu tulifungua dansi kwa wimbo wa Viva La Musica. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ninaandika haya kwa sababu sikumjua au sikumpenda.

Wengi wetu tuliona kwenye televisheni namna alivyoanguka jukwaani kule Abidjan, katika tamasha la FEMUA, wanamuziki wake wakiendelea kupiga kwa muda kwa sababu hawakuelewa. Alikuwa na miaka 66. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa, ukawekwa katika Palais du Peuple, serikali ikampa nishani ya taifa, na mwanzo wa mwezi wa tano akazikwa kule Nsele. Nchi nzima ililia, na ilikuwa haki yake.

Sasa ile habari nyingine. Mwezi wa pili mwaka 2003, polisi wa Ufaransa walimkamata. Alikaa gerezani kama miezi mitatu na nusu, halafu akaachiliwa kwa dhamana akingojea kesi. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2004, mahakama ya Bobigny, karibu na Paris, ilimkuta na hatia ya kusaidia watu kuingia Ufaransa kinyume cha sheria. Watu hao waliombewa viza kama wanamuziki wa orkestra yake, hali wengine hawakujua hata kushika gitaa. Alihukumiwa miezi 30, ambayo 4 tu ndiyo ilikuwa ya kukaa ndani, pamoja na faini ya euro 10,000. Baada ya kutoka gerezani alitoa albamu ya Somo Trop, na ndani yake kuna wimbo Numéro d’écrou, maana yake namba ya mfungwa. Kwa hiyo yeye mwenyewe hakuificha gereza lake. Ni sisi tunaoificha kwa niaba yake.

Mnajua pia jina ambalo watu wa Kinshasa waliwapa wasafiri wa namna hiyo: ngulu, yaani nguruwe. Hata sisi wa Katanga tulilisikia jina hilo, tukacheka. Mimi leo silipendi. Aliyeitwa nguruwe alikuwa mtoto wa mtu. Na mara nyingi pesa za safari yake zilitoka kwa mama yake.

Ninajua utetezi wake, na siwezi kuudharau. Watu husema: milango ya Ulaya ilikuwa imefungwa, ubalozi unakataa viza bila hata kukutazama usoni, na nyumbani hakuna kazi. Mtu aliyefungua dirisha dogo, tumwite mhalifu? Wako watu walioingia kwa njia ile ambao leo wana karatasi, wana kazi, wanatuma pesa, na wazazi wao wanakula kwa sababu hiyo. Kwa mama wa namna hiyo, Papa Wemba ni mwokozi, na sitamkatalia. Lakini ukisikiliza vizuri, utaona kwamba katika hesabu hiyo tunawataja waliofika tu. Waliolipa na hawakufika hawana mtu wa kuwataja. Waliofika wakafichwa katika chumba cha watu kumi, wakaogopa polisi kwa miaka, hao pia hatuwahesabu.

Hapa niwaeleze habari ya mama mmoja wa likelemba yetu ya zamani. Haimhusu Papa Wemba hata kidogo. Inahusu orkestra nyingine ndogo ya hapa mjini, ambayo siku hizo ilisema imepata mwaliko wa kwenda kucheza Ubelgiji. Sitaitaja, kwa sababu mwenye orkestra alikwisha kufa na familia yake ipo. Mama huyu alikuwa na mtoto wa kwanza, kijana mpole, aliyemaliza masomo na kukaa nyumbani bila kazi. Wakamwambia kwamba nafasi moja katika orodha ya wanamuziki ina bei yake. Alikuwa mjane, na kitu pekee chenye thamani alichoachiwa kilikuwa kiwanja. Alikikata kati, akauza nusu. Pesa alizipeleka usiku, zimefungwa katika kitambaa, bila karatasi, kwa sababu nani atamwomba mtu mashuhuri kama yule amwandikie karatasi?

Kijana alingoja miezi minane. Alifundishwa kushika maracas ili akiulizwa aonyeshe kitu. Halafu siku moja wengine wakaondoka, na yeye akaambiwa atakuwa katika kundi la pili. Kundi la pili halikuwahi kuwapo. Mama alikwenda kudai mara nyingi hata walinzi wa pale mlangoni wakamzoea. Mwisho aliacha. Kila asubuhi alikuwa anaamka na kuona nyumba ya jirani mpya ikijengwa pale alipokuwa analima lengalenga.

Miaka ikapita, yule mwenye orkestra akafa. Kilio kilikuwa kikubwa: mahema, viti, magari mpaka barabara ikafungwa. Mama yetu alikwenda pia, na kitenge chake kichwani, akakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine: alikuwa baba wa wote, alitoa mkono kwa kila mtu, hakuna aliyemlilia akarudi mikono mitupu. Pale ndipo mama alipolia kwa sauti. Lakini maneno aliyoyatoa katika kilio chake yalikuwa haya: “Na kiwanja changu, baba? Na kiwanja changu?” Wanawake wawili walimshika mabega, wakamwinua, wakampeleka nyuma ya nyumba penye masufuria. Wakamwambia: “Mama, heshimu maiti.”

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Ni nani aliyeambiwa aheshimu? Mwanamke ambaye tayari amepoteza kiwanja aliombwa atoe na kilio chake pia.

Lakini desturi zetu zenyewe si kali hivyo. Katika familia nyingi za kwetu, baada ya maziko, siku ya kumaliza kilio, wazee huketi. Msemaji wa familia husimama na kuuliza mbele ya watu: “Kama marehemu ana deni kwa mtu, aseme sasa. Kama mtu ana deni kwa marehemu, aseme pia.” Ndugu zetu Waislamu wanafanya vile vile, na kwao madeni ya marehemu hulipwa kabla urithi haujagawanywa. Hakuna anayesema kwamba kuuliza madeni ni kumtukana marehemu. Kinyume chake, tunasema ni kumpunguzia mzigo. Mimi naona wazee wetu walikwisha kujibu swali la yule msichana wetu. Kuna siku ya kilio, na kuna siku ya madeni. Tatizo letu ni kwamba watu mashuhuri tunawafanyia siku ya kwanza tu, tunaimba, tunavaa, tunapiga picha, halafu kila mtu anakwenda nyumbani.

Siku ya madeni ina adabu yake, na ningependa tuishike.

Adabu ya kwanza ni wakati. Mwili ukiwa bado ndani ya nyumba, sisi ambao hatukuumizwa tunaweza kungoja. Hakuna haja ya kumsogelea mjane na habari za mahakama. Lakini aliyeumizwa hatumpangii siku. Akilia siku ya kwanza, tumkalishe, tumpe maji, tumsikilize. Asipelekwe nyuma penye masufuria.

Adabu ya pili ni kipimo. Tuseme kilichojulikana, tusiongeze. Juu ya Papa Wemba, kuna hukumu ya mahakama: hiyo tunaweza kuisema. Mengine yote tunayosikia sokoni, ya wachawi, ya wanawake, ya pesa za siri, tuyaache hapo hapo sokoni. Maiti haulizwi sanda, nasi tusimvike nguo ambayo hawezi kuivua.

Na pale ambapo mahakama haikufika mwisho? Vijana wetu wanaocheza mpira wa kikapu wanavaa mpaka leo namba 8 na namba 24 za Kobe Bryant, Mmarekani aliyekufa tarehe 26 Januari 2020 katika ajali ya helikopta pamoja na binti yake wa miaka 13 na watu wengine 7. Mwaka 2003, msichana wa miaka 19, mfanyakazi wa hoteli katika jimbo la Colorado, alisema kwamba Kobe alimbaka. Kobe alisema walikubaliana. Mwaka uliofuata kesi ilifutwa kwa sababu msichana hakutaka tena kusimama mbele ya mahakama. Kobe akatoa barua ya kumwomba msamaha, akasema ameelewa kwamba yule msichana hakuona kama alikubali. Mwaka 2005 walimaliza madai kwa mapatano ambayo masharti yake hayakutangazwa. Siku ya kifo chake, mwandishi mmoja wa gazeti la Washington Post aliikumbusha habari ile. Alipokea vitisho vya kuuawa, na gazeti lake likamsimamisha kazi kwa muda.

Mnaweza kusema siku ile haikuwa siku yake, mtoto pia amekufa, watu wana uchungu. Nakubali, mimi ningengoja. Lakini yule msichana wa hoteli, ambaye sasa ni mwanamke mzima, naye aliisikia redio siku ile. Alisikia dunia nzima ikisema kwamba kumtaja yeye ni kumchafua marehemu. Mama wa nchi hii hatuhitaji kufundishwa uzito wa jambo hilo. Tumekaa na dada zetu waliotoka mashariki, tunajua inachukua miaka mingapi mwanamke kufungua kinywa, na neno moja tu la “nyamaza” linavyokifunga tena. Kwa Kobe, basi, sisemi alibaka, kwa sababu mahakama haikusema. Nasema yale yaliyotokea, kwa mpango wake, pamoja na ule msamaha alioandika. Hayo ni kweli, na kweli hiyo yamtosha yeye na yamtosha yule mwanamke.

Adabu ya tatu ni kuwaacha watoto wa marehemu na mama yao wapumue. Deni linaulizwa katika mali ya marehemu, haliulizwi katika damu ya mtoto. Mtoto wa mtu mashuhuri akija kununua mkate, tusimwonyeshe kidole.

Na hapa nirudi kwa yule mama wa likelemba, kwa sababu sijamaliza habari yake. Siku ya madeni, familia ilikubali wenye karatasi tu. Yeye hakuwa nayo. Lakini miaka miwili baadaye, binti mkubwa wa marehemu alikuja kwake, pamoja na shangazi yake. Alikuwa na daftari mkononi. Akasema: “Mama, tumekuta jina la mtoto wako katika daftari ya baba, pamoja na hesabu.” Hawakuwa na pesa zote, na mpaka leo hawajamaliza. Walileta kidogo kidogo, wakati mwingine dola 20, wakati mwingine mfuko wa unga. Kiwanja hakikurudi. Kijana yule sasa anatengeneza simu sokoni, ana mke na watoto watatu. Lakini mama aliniambia kwamba siku ile ya daftari alilala usiku mzima, kwa mara ya kwanza tangu auze. Na siku moja nilimkuta anafagia uwanja wake, redio ya jirani inapiga wimbo wa orkestra ile ile, na yeye anausindikiza kwa sauti ndogo. Nikamwuliza kama haumuumizi. Akasema: “Wimbo ni mzuri. Na sasa wanajua.”

Mimi sina la kuongeza juu ya maneno hayo, ila jambo la nyumbani. Watoto wetu watauliza, kama msichana wetu alivyouliza. Wanayo simu, watayaona wenyewe, na wakiyaona baada ya sisi kuwadanganya hawatatuuliza tena, hata siku watakayoumizwa wao. Mtoto akiuliza: “Ni kweli alifungwa?” tujibu: “Ndiyo, ni kweli. Alihukumiwa Ufaransa mwaka 2004. Watu walilipa pesa nyingi, wengine waliumia. Na alikuwa mwimbaji mkubwa, njoo nikuonyeshe alivyoimba.” Jibu lote halizidi dakika moja, na mtoto ataelewa kwamba mtu anaweza kufanya vizuri sana na kufanya vibaya, na kwamba kipaji hakifuti deni. Mtoto wa kiume ataelewa kwamba hata akiwa mkubwa namna gani, atahesabiwa. Mtoto wa kike ataelewa kwamba siku mtu mwenye jina akimdhulumu, mama yake hatamwambia aheshimu jina.

Kwa wanachama wetu, ninapendekeza jambo moja kwenye kikao kijacho. Tunao hapa katika mitaa yetu mama wengi waliotoa pesa kwa watu wenye majina: wanamuziki, wachungaji, wenye shule, wenye kampuni za kusafirisha vijana. Wengine wa watu hao wamekwisha kufa, na mama hao wamenyamaza kwa sababu waliambiwa marehemu hasemwi. Tutenge saa moja waseme, bila redio, bila kicheko, na katibu aandike tarehe na hesabu. Hatutaweza kulipa. Lakini mwenye deni asipokuwapo, kazi ya jirani ni kuwa shahidi.

Na mkimaliza, mwashe redio. Mwezi wa nne haujaisha, na sauti ile bado ni tamu.